Kishimo Karibu na Ncha ya Mwezi

Nilipokuwa kijana nilikuwa na mdomo mwepesi, na nusura umkoseshe dada yangu mume.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, hapa Tabora, nami nasomea ualimu. Jioni moja mwalimu wetu alitega darubini barazani, nusu ya mwezi iko juu na jua bado halijazama. Zamu yangu ilipofika nilipigwa na butwaa: mwezi wote ni mashimo. Mwalimu akaniambia nitafute kishimo kimoja kidogo karibu na ncha ya kusini, pale palipopigwa na jiwe kutoka angani. Nilikitafuta mpaka jicho likatoa machozi.

Nyumbani nikawasimulia mama na dada kwa maringo ya msomi. "Kumbe mwezi nao uliugua ndui," nikasema. Mama akanikata jicho. Dada, ambaye ndui ya utotoni ilimwachia uso wenye makovu, aliendelea kuchambua mchele. Hata hapo sikushtuka, mjinga mimi.

Ijumaa ikaja posa. Fundi cherehani mmoja wa karibu na soko alimtuma shangazi yake. Baada ya salamu na kahawa, yule shangazi akaanza kama waanzavyo washenga wote mjini: "Tumeona mwezi katika nyumba hii, tumekuja kuuomba."

Dada alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. "Mwambieni sikuzaliwa nije nichekwe," akasema, na kila mtu akasikia. Shangazi wa watu akabaki na kikombe mkononi, hajui alilokosea.

Mimi nilijua. Nikaingia chumbani nikapiga magoti. Nikamwambia dada kwamba yule shangazi hana habari za darubini. Ni mimi niliyeyatia sumu maneno mazuri ya watu. Nililia kwa aibu.

"Hicho kishimo ulichokitafuta," dada akauliza, "mtu anakiona kwa macho tu?"

"Hapana, dada. Hata kwa darubini kilinisumbua."

"Makovu yangu yanaonekana tangu barabarani," akasema polepole. "Na yule fundi hupita hapa kila siku."

Kwa desturi yetu, mwali hajitokezi mbele ya mshenga. Dada akajifuta machozi, akaishusha kanga kutoka kichwani mpaka mabegani, akafungua pazia na kwenda kumwamkia mgeni.