Jina la Nyumbani, Getini kwa Linah

Linah amelinda geti la shule moja ya msingi kule Yamumbi, pembeni mwa Eldoret, kwa miaka kumi na minne. Ameona wazazi walevi, ameona wanaompita kana kwamba yeye ni sehemu ya ukuta, na yote ameyameza. Asubuhi moja tu ndiyo iliyomkwama kooni, na ukimgusia hata leo atatema mate kwanza ndipo aanze kukueleza.

Ujumbe uliingia kwenye simu saa mbili na nusu. Ulisema shule itavamiwa siku hiyo hiyo saa tano, kwamba habari zimethibitishwa, na kwamba watu wajihadhari na "wale wa maduka", yaani Wasomali wenye maduka pale mtaani. Aliyeutuma kwenye kundi la wazazi alikuwa mwenyekiti wao, Wilson, mtu wa tai na koti ambaye hajawahi kupata uvumi akakaa nao kimya. Kila aliyeupokea akautia chumvi yake. Kufikia saa tatu wavamizi walikuwa kumi, wana gari jeupe, na kuna mtu ambaye shemeji yake amewaona.

Mwalimu mkuu, Nanyama, alifanya la maana. Aliwaweka watoto madarasani, akapigia polisi simu. Maaskari wawili wakaja, wakakagua hadi vyoo, wasipate kitu. Mmoja alisoma ule ujumbe, akaguna, akasema ni ule ule wa mwaka jana uliozunguka kaunti nyingine, jina la shule tu ndilo limebadilishwa. Nani wa kumsikiliza? Wazazi walishajaa nje wakisukuma geti, kila mmoja anadai mtoto wake na wa jirani na wa dadake. Linah aliona wazi kwamba kama kuna mtoto atakayeumia siku hiyo, atakanyagwa na watu hao hao, au atachukuliwa na asiyejulikana katika vurugu ile.

Akafungua kimlango kidogo tu, akasimama katikati, akadai jina la nyumbani.

Ndiyo sheria ya shule. Muhula ukianza, kila mtoto humnong'onezea Linah jina analoitwa na mama au nyanya yake, lile lisiloandikwa kwenye rejista. Anayemchukua mtoto kabla ya saa za kutoka sharti amnong'onezee jina hilo. Sheria ilipitishwa baada ya mwanamume mmoja kukaribia kuondoka na mtoto asiye wake, na aliyeipendekeza mkutanoni, akapigiwa makofi, alikuwa Wilson.

Walinong'ona mmoja mmoja. Hodan, mwenye duka la kona, alikuwa amesukumwa hadi nyuma kabisa. Mwanamke mmoja, ambaye juzi tu alinunua unga kwake, alimvuta mtandio na kumwambia arudi kwao. Hakuna aliyemkemea. Linah ndiye aliyemwita mbele, akasikia jina, akamtolea binti yake, Munira.

Kisha akaja mwenyekiti, simu mkononi.

"Linah, wewe unanijua. Nipe Joy."

"Nakujua, mwenyekiti. Jina la nyumbani."

Akasema Joy. Linah akatikisa kichwa. Akajaribu jingine, na jingine, kama mtu anayejaribu funguo za nyumba ya watu. Akampigia mkewe aliyekuwa Ainabkoi akivuna viazi, hakupatikana, na nyanya hana simu. Watu wakaanza kutazamana. Huyu aliyewajua wavamizi wote hakujua binti yake wa miaka saba huamshwa kwa jina gani asubuhi.

Hodan hakuwa ameondoka. Alisogea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwenyekiti, kuja nikuambie hilo jina. Nyanya yake humuita hivyo hapo kwa duka yangu kila siku."

Wilson alimtazama, akawatazama waliokuwa wakimtazama yeye, akampa Hodan mgongo. Akaenda kukaa kwenye benchi ya wageni. Aliona heri huko kuliko kumwinamishia sikio mwanamke ambaye asubuhi yeye mwenyewe aliwaambia watu wajihadhari na wenzake. Debe tupu, Linah alijiambia, na leo hata kuvuma limeshindwa. Alitamani kutema mate, lakini watoto walikuwa wakiona.

Joy alikuwa dirishani muda wote huo, maana darasa lake liko karibu na geti. Alimwona baba yake akijaribu na kushindwa, kisha akamwona akikataa kuambiwa. Watu walipopungua, mwalimu akamruhusu kwenda kunywa maji. Badala yake alikuja kwa Linah, akamshika koti.

"Baba amesahau jina langu?"

Katika miaka yote pale getini, Linah hakuwa amemdanganya mtoto hata mara moja.

"Hajasahau, mama. Ni hizi kelele tu, zimemchanganya."

Joy akageuka kumtazama baba yake. Baba alikuwa ameinamia simu, akiwaandikia wazazi kwamba hatari imeepukwa kwa juhudi za kamati. Linah aliusoma ujumbe huo baadaye, ukamchefua, lakini si huo uliomkwama. Kilichomkwama ni ule uongo wake mwenyewe, aliousema kumsitiri mtu wa namna ile.