Kidevu cha Lamya

Lamya Sleiman alikuwa na ndevu. Nalisema mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Nyakabiga wamelizunguka neno hilo miaka mingi, wakisema "ile shida yake", kana kwamba binti wa watu ameiba. Hakuiba kitu. Zilimwota kidevuni na chini ya mashavu tangu alipovunja ungo, nyeusi, ngumu, ndevu za kweli. Kila asubuhi alifungua duka la vitambaa aliloachiwa na marehemu baba yake, mtandio umepanda hadi mdomoni, akakata vitenge na kubishana bei na wateja, na mtandio ule haukushuka hata jua la mchana lilipolichemsha bati. Wageni walidhani ni ucha Mungu. Sisi tuliokua naye tulijua ni kidevu.

Aliyemlea ni shangazi yake, Khadidja, na hapo ndipo penye mambo. Shangazi Khadidja ni fundi wa halawa. Anapika sukari na maji ya limao kwenye makaa mpaka inakuwa nzito, anaikanda vidoleni, anaibandika mwilini na kuivuta kwa ghafla, na nywele zinatoka na mizizi yake. Bibi harusi wa Kiislamu mtaani kwetu ambaye hakupita mikononi mwake simjui. Mimi nilipita, nikalia. Na kila Alhamisi baada ya alasiri alimlaza Lamya mkekani akamvuta kidevu. Ngozi ilishajaa vipele na madoa meusi, lakini mkono ule ulikuwa mkono wa upendo, na Lamya hakuwahi kuukataa.

Mimi nafanya kazi kwenye kliniki moja ya ngozi huko Gihosha. Dokta Adélaïde anaendesha mashine ya leza. Mimi naitwa Waridi na kazi yangu ni baridi, jambo ambalo wenzangu wamelicheka mpaka wamechoka. Wacheke tu. Leza ni mwanga unaotafuta weusi. Unaukuta unywele mweusi ndani ya ngozi, unashuka nao mpaka kwenye mzizi na kuuchoma huko huko. Lakini ngozi zetu nazo zina weusi wake, na bila baridi mwanga huo huo utamuunguza mtu uso. Kwa hiyo napaka jeli iliyotoka kwenye friji, nashika bomba la upepo baridi, na bomba langu linautangulia mwanga, linakwenda nao, kisha linabaki nyuma kidogo. Dokta huchora visanduku usoni kwa penseli nyeupe ili asipite mahali pamoja mara mbili, na nukta nyekundu inamwonyesha mwanga utatua wapi. Yeye anaifuata nukta, mimi namfuata yeye. Baridi ikipungua ngozi inaungua, na ikizidi pia inaungua.

Nilimweleza Lamya haya yote dukani kwake, kwa sauti ya chini. Aliendelea kukata kitambaa, akakikunja vizuri, akampa mteja wake na kumsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akarudi akaniambia, "Nipeleke."

Siku ya kwanza alipanda kitandani, akashusha mtandio, nami nikajishika kichwa kwa mshangao. Kidevu kilikuwa laini, hakina hata unywele. Shangazi aliposikia mtoto anakwenda kwa dokta, alimvuta halawa jioni ya kuamkia siku ile, kama vile mtu anavyoogeshwa na kuvalishwa nguo safi kabla ya safari. Dokta Adélaïde aliishusha ile nukta nyekundu kidevuni, akaangalia kwa karibu, akazima mashine.

"Nani amekutoa hizi nywele?"

"Shangazi yangu. Alisema nisikuje kwako muchafu."

"Mwangaza inashika muzizi. Humu ndani muzizi haiko, mi nichome nini sasa? Rudi nyumba. Wacha halawa, wacha uzi, wacha kila kitu yenye kuvuta. Zikitoka, unyoe na wembe. Wembe inakata juu tu, muzizi inabakia."

Wembe! Kwetu wembe wa usoni ni wa mwanamume. Mwanamke akijinyoa kidevu, wanasema, basi amekubali, na ndevu zitarudi nene zaidi. Dokta alisema hazirudi nene, hayo ni maneno ya watu.

Alhamisi ilipofika shangazi akatandika mkeka kama kawaida. Nilikuwepo, nimekuja kununua kitenge nikakaribishwa chai.

"Leo apana, Shangazi," Lamya alisema.

"Apana namna gani? We unakataa mukono yangu?"

"Sikatai mukono. Nakataa halawa."

Khadidja alikaa na sufuria yake mapajani mpaka halawa ikaganda ikawa jiwe. Nilimhurumia, na papo hapo nilimkasirikia, maana alikuwa analia kwa ajili ya sufuria wakati mtoto wake amefunika uso tangu ujana.

Baada ya wiki chache Khadidja akaja kwangu mwenyewe, amekunja kitu kwenye pindo la kanga. Akakifungua. Wembe.

"Waridi, we ni rafiki yake. Huyu mwanaume anayelala kwangu ni nani?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Nikamwambia amuulize mwenyewe, tukaenda pamoja. Lamya aliutazama ule wembe mkononi mwa shangazi yake, akaingia ndani, akatoka na beseni, sabuni na kioo, akaviweka uani mbele yetu. Alitoa mtandio. Zilikuwa zimeota kwelikweli. Akapaka povu, akaomba wembe wake, akaanza kunyoa kutoka sikioni kuja kidevuni.

"Unajifanya mwanaume mbele yangu," shangazi alisema, amejifunika macho.

"Shangazi, miaka yote umevuta. Zimeisha?"

Tangu siku ile watu wawili waliozoea kula sinia moja wakawa kila mmoja na sahani yake. Lamya alikuja kliniki kila alipoitwa, amenyoa, na kila aliporudi nyumbani alisalimia akajibiwa salamu tu. Aliniambia wazi kuwa hilo lilimuuma kuliko leza. Lakini hakuacha.

Halafu ikaja siku ya umeme. Tulikuwa tumemaliza shavu moja, dokta ameshachora visanduku vya upande wa pili, taa zikazimika na bomba langu likafa mkononi. Jenereta ilikuwapo, mafuta yake ndiyo hayakuwapo. Dokta akamwambia Lamya aende nyumbani, atarudi siku nyingine.

"Siendi," Lamya alisema. "Siku ingine watasema ingine. Nangoja courant hapa."

Akajilaza pale pale na visanduku vyake vyeupe usoni. Tukangoja. Jua lilikuwa limeshainama upande wa ziwa Khadidja alipotokea mlangoni, amepanda kilima cha Gihosha akihema, ametumwa na moyo wake tu, kwa sababu mtoto amechelewa. Umeme ulirudi wakati dokta anamtafutia kiti. Hakuna aliyemwambia atoke. Tulimvalisha miwani ile myeusi ya kukinga macho, akakaa kwenye kona.

Leza inaruka ngozini kama mafuta ya sambusa, kila mruko na harufu ya unywele ulioungua. Machozi yalimtoka Lamya yakaingia masikioni, na kichwa hakikusogea. Nilishikilia baridi kwa nguvu zangu zote. Tulipofika kwenye mdomo wa juu, ambako ndiko kuna uchungu wenyewe, nilisikia kiti kinasogezwa. Khadidja alikuwa amekuja miguuni na kushika vidole vya miguu ya mwanawe.

"Inauma kuzidi yangu?" aliuliza.

"Inauma."

"Na utarudia tena?"

"Mpaka ziishe. Na zikirudi, mi pia narudi."

Dokta alishatuambia kwamba zingine zitarudi, kwa sababu chanzo chake kiko kwenye damu, na leza haifiki huko. Lamya alilijua hilo tangu mwanzo. Usiku ule, nilikuja kusikia, walikula sinia moja, na hakuna aliyeomba msamaha.

Miezi imepita. Ndevu zimekuwa chache, nyembamba, vipele vimekauka, madoa yanafifia polepole. Alhamisi iliyopita nilikuwa kwao. Alikuja msichana anayeitwa Houda, anakaribia kuolewa, ameletwa kutengenezwa. Shangazi alimvuta mikono na miguu kwa ufundi wake ule ule, na mtoto alilia kama tulivyolia wote. Kisha Houda akainamisha kichwa, akashusha mtandio kidogo, akasema na hapa pia, tafadhali, na asijue mtu.

Khadidja alimtazama kidevu. Akaifunika sufuria.

"Hapo mi sivuti tena," alisema. "Lamya, kuja."

Lamya alitoka dukani na mita ya kupimia vitambaa bado iko shingoni. Alimwona yule msichana alivyojishika mtandio. Alikaa naye mkekani, akafungua mtandio wake mwenyewe kwenye mwanga wa mchana, mlango wa uani ukiwa wazi na majirani wanapita, akachukua mkono wa Houda na kuuweka kidevuni kwake.

"Gusa," alimwambia. "Zingine bado ziko. Usione haya, gusa."