Kisa cha Mwanamke Aliyeshuka Kisimani

Mimi ni mtu wa shaka, msomaji wangu, na shaka hiyo ndiyo inayonilisha. Kazi yangu ni kuhakiki riwaya za fantasia na bunilizi za kisayansi. Mwandishi akiniambia kuna mji mwezini, namkubalia bila ubishi. Akiniambia mtu wa mji huo amemsamehe adui yake bila sababu, hapo kalamu inaanza kuniwasha mkononi.

Mwezi uliopita nililetewa riwaya ya kijana ambaye ndiyo kwanza anaanza kuandika. Ndani yake kuna mwanamke anayekwenda kulima bustani za mwezini, akamwacha binti yake mdogo kwa jamaa, asirudi hadi miaka mingi ipite. Nikaandika kwamba mwezi na bustani zake nimeziamini, ila mama huyo hapana. Tahakiki hiyo niliimalizia Mji wa Kale, nilikokwenda kumtazama mama yangu, katika ukumbi uleule nilikojifunzia kazi hii.

Aliyenifunza ni nyanya, mamake mama. Baada ya swala ya alasiri alikuwa akikaa kwenye mkeka na kofia anayoidarizi, nasi wajukuu, mimi na kaka yangu na binamu yetu, tukichambua mchele wa usiku kwenye sinia. Mama alikuwa jikoni akikaanga, na harufu ya iliki ilitufikia kabla ya chakula chenyewe. Nyanya alihadithia bila kuinua macho kwenye sindano. Jirani alituonya kwamba hadithi za mchana huwaotesha watoto mikia, nami kwa miezi kadhaa nilikuwa nikijipapasa kiunoni kabla ya kuoga.

Nyanya hakutaka wasikilizaji wa kuitikia tu. Akifika mwisho huweka sindano chini, akauliza, "Haya, wapi nimewadanganya?" Aliyepata kasoro ya kweli alipewa kaimati ya mwisho, ile iliyokaa chini ya bakuli ikalowa shira mpaka ndani. Lakini si kila kasoro ilikubaliwa. Kaka yangu alipodai kwamba jini hawezi kuenea kwenye chupa ya marashi, nyanya alicheka. "Ya majini yaateni," akasema, yaani tuyaache, "wayajua wenyewe. Ya watu ndiyo muyapekue." Basi jini aliruhusiwa kuinywa bahari yote ya Kilindini, lakini mama wa kambo hakuruhusiwa kugeuka mwema kwa siku moja. Na nyanya alizitetea hadithi zake. Kuna siku tulibishana naye mpaka adhana ya magharibi ikatukuta, na kaimati bado iko bakulini.

Mara nyingi mshindi nilikuwa mimi, wala si kwa akili. Nilishinda kwa kutomwamini mtu. Nilimshuku mwenye duka kwa mizani yake, nikamshuku mwalimu wa chuo cha Kurani aliyefumba macho akidai anatusikiliza. Hadithi haikuwa na pa kujificha mbele ya mtoto kama huyo.

Siku moja nyanya alianza hadithi tusiyowahi kuisikia. Kulikuwa na mwanamke aliyesikia jina lake likiitwa kutoka kisimani. Siku ya kwanza akaziba masikio, siku ya pili akafunga dirisha, siku ya tatu akamfunika leso mwanawe aliyelala, akashuka. Sindano ya nyanya ilikuwa imesimama. Kabla hajatuambia mwanamke yule aliona nini huko chini, binamu yangu akafungua mdomo. Nilidhani ameiona kasoro niliyoiona mimi. Kanuni ilikuwa kungoja mwisho, na mimi sikungoja.

"Nyanya, hapo ni urongo," nikasema. "Hakuna mama amwatae mwanawe kwa kuitwa na sauti."

Nilijiandaa kukemewa kwa kumkatiza, kisha tubishane kama kawaida. Nyanya hakubisha. Aliutazama mlango wa jikoni. "Kweli," akasema. "Umeshinda, mwanangu." Akanisogezea bakuli. Nilikula ile kaimati huku nikimwangalia kwa jicho la pembeni, kwa sababu ushindi ule ulikuwa rahisi mno.

Hadithi ile hakuimalizia. Kwanza nilishuku kwamba ameusahau mwisho wake. Kisha nikashuku kwamba amewawekea wajukuu wake wengine, wale wa mtaa wa Majengo, nikaenda kuwahoji kwa hongo ya ubuyu, nao hawakujua lolote. Alituhadithia nyingine baada ya hapo, lakini hakuuliza tena wapi ametudanganya. Akimaliza alisema imekwisha, na kaimati zikagawanywa sawasawa. Niliona nimedhulumiwa, tena nilinuna waziwazi. Nyanya alifariki kabla ya mwaka kugeuka.

Sasa turudi mwezi uliopita. Nilimsomea mama tahakiki yangu kwa sauti, nikitarajia sifa. Alikuwa akikunja leso zilizotoka kuanuliwa.

"Huyo mwanamke wa mwezini," akauliza, "aliporudi, alimwambia mwanawe kilichomtoa?"

"Alimwambia. Kurasa kumi nzima. Nimeandika kwamba zingeweza kukatwa."

Akakunja leso nyingine. "Wajua kwamba mimi nimelelewa na shangazi, Majengo."

Nilijua. Nyumbani ilisemwa tu kwamba nyanya alikuwa safarini wakati huo, na mimi niliyeshuku mpaka mizani ya dukani sikuwahi kuishuku safari hiyo.

"Aliniata mdogo, akarudi nimeshakuwa mwari," mama akasema. "Alikwenda wapi, kwa nini, hakusema, na mimi sikumuuliza. Siku ile ya kisima ndiyo alikuwa yuasema. Nilizima stovu nipate kusikia."

Nilishindwa kumtazama. Nikamuuliza mbona hakutoka jikoni akamwambia aendelee.

"Ningetokaje? Alikuwa yuawaambia nyinyi," akasema. "Nikangoja arudie siku nyingine."

Jioni ile niliifuta aya yangu, nikazisoma upya zile kurasa kumi, polepole. Naona haya kukuambia kwamba ni nzuri.

Kofia siku hizi nyingi hutoka mashineni, na nyumba ya jirani yetu wa mikia imekuwa ya wageni wa kulala siku mbili tatu. Hayo kila mtu wa Mji wa Kale atakulalamikia, nami hulalamika pamoja nao. Ninachokitaka mimi ni kujua yule mwanamke aliona nini huko chini, kikamweka miaka yote ile. Aliyejua hayupo, na aliyestahili kuambiwa anakunja leso ukumbini na haulizi. Nimejaribu kuutunga mwisho huo mwenyewe, mara nyingi, kwa ajili yake. Siuamini hata mmoja.