Mpishi wa Zhongda

Mpishi Mpalestina, mwenye mkahawa karibu na soko la vitambaa la Zhongda nchini China, hukanda unga kwa ngumi huku akibishana kwa Kichina cha sokoni na mteja wake Myahudi: watu wao wawe na nchi mbili, au moja yenye kura sawa kwa wote? Albina, mfanyabiashara wa Bukoba anayekula hapo kila ajapo kununua vitambaa, amezoea kelele zao.

Siku mpishi alipopata habari kwamba dada yake ameuawa kwa bomu Gaza, Myahudi alisita mlangoni. “Nimekuja kukupa pole. Ukitaka niondoke, nitaondoka.”

Mpishi alijifuta mikono, akamvutia kiti. “Kaa. Kwetu mfiwa haachwi peke yake.”

Albina aliingia jikoni kuwachemshia chai, akimshukuru Mungu kwamba ameliona hilo kwa macho yake.