Bangi Iliyopewa Chumba Changu

Shemeji yangu Thaworn alinitoa kwenye chumba changu, akakipa miche sita ya bangi. Naanza na hilo ili mtu asidhani namsimulia kwa upendo.

Chumba chenyewe kiko chini ya ngazi, nyuma ya duka, hapa mjini Pak Chong. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Humo ndimo nilimokuwa nikitunga mashada ya yasmini ya kuuza hekaluni, kwa kuwa hakuna jua na maua hukaa mabichi hadi mchana. Mume wangu alinipa chumba hicho kabla hajafa. Hakuniandikia. Nani humwandikia mkewe chumba cha chini ya ngazi?

Thaworn ni mdogo wa marehemu. Hajawahi kuchoka, maana hajawahi kumaliza kazi. Alifuga samaki wa kupigana, wakafa kwa kushiba. Alifuga nyenje wa kukaanga, wakahamia kwa jirani. Akafungua kibanda cha chai ya maziwa mwezi uleule ambao mtaa mzima ulikuwa na vibanda vya chai ya maziwa. Kila mara mama yao, Kimhuay, husema mwanangu ana maono. Serikali ilipoiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya, na watu wakaruhusiwa kuipanda nyumbani, yakamjia maono mapya, na maono hayo yakahitaji chumba changu.

"Shemeji, ni kwa muda tu," aliniambia, meza yangu tayari iko mabegani mwake. "Ikishatoa maua hii ya kwanza, nahamia juu ya paa. Chumba chako unarudishiwa."

"Sema hivyo mbele ya mama."

Akasema mbele ya mama, hapo penye madhabahu ya mababu, na mama akaitikia, "Nimesikia. Maua yakitoka, chumba ni cha Phan." Phan ni mimi.

Nikahamia kibarazani. Yasmini zikawa zinageuka rangi ya chai kabla ya saa nne asubuhi. Katika Pak Chong nzima hapakuwa na mtu aliyeomba kwa bidii kuliko mimi bangi ichanue.

Likaja suala la taa, kwa kuwa chumba hakina dirisha. Hapa kwetu kila siku ya wiki ina rangi yake, na mtu akitaka mambo yamnyookee hujifungamanisha na rangi ya siku aliyozaliwa. Thaworn ni wa Jumatano, na Jumatano ni kijani. Akanunua balbu nane za kijani.

"Mmea kijani, taa kijani, mwenyewe kijani," akasema. "Hii hata mbolea haihitaji."

"Shemeji, nimefanya kazi miaka kumi na moja kwenye mashamba ya krisanthemamu ya Wang Nam Khiao. Taa ya kijani tulikuwa tunaingia nayo gizani ili maua yasijue tumeingia. Kwa mmea ni kama hujawasha kitu."

"Hayo ni maua ya sadaka. Hii ni dawa."

Mama yake akathibitisha kwamba alizaliwa kabla jua halijazama, maana Jumatano ya usiku rangi yake ni nyeusi. Nikawaza kwamba angekaa tumboni saa mbili zaidi angewasha giza, tukapunguza bili ya umeme.

Miche ikarefuka kama tambi, ikaegemea ukuta. Thaworn akageukia upande wa pili. Akaleta taa ya uwanja wa mpira, wati elfu moja, kubwa kama sufuria ya msibani, akaining'iniza humo humo chini ya ngazi. Kesho yake ngazi zikawa za moto. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuingia ndani na viatu maisha yake yote, akawa anapanda chumbani kwake na ndala. Majani ya juu yakakauka kama tumbaku.

"Hilo ndilo joto la kuchanulia," Thaworn akasema.

"Basi kaa humo nusu saa, tuone utachanua nini."

Hakukaa. Nikaona nikimngoja nitazeekea kibarazani. Nikaenda mwenyewe kwa Chaluay, mama anayewauzia taa wakulima wa maua.

"Chumba kikoje?" akaniuliza.

"Mita moja kwa moja na nusu. Dari inanigusa nywele."

"Hiyo ya uwanjani karudishe uwanjani. Chukua hii bapa ya LED, nyeupe inayoelekea njano, wati mia mbili. Haichomi chumba."

"Na ile ya zambarau?"

"Ile nawauzia wanaopenda kupiga picha. Ndani ya zambarau jani likiugua hulioni."

Nikaifunga kwa minyororo. Nikaweka mgongo wa mkono juu ya jani la juu kabisa. Mkono ukiona moto, napandisha taa. Kisha saa kumi na mbili za mwanga, saa kumi na mbili za giza, kama tulivyofanya kwa krisanthemamu. Hapo nikakuta tatizo. Taa nyekundu ya madhabahu haizimwi, na mwanga wake ulipenya mlangoni.

"Mama, bangi ikionja mwanga wakati wa giza haitachanua."

"Unataka nizime mababu kwa ajili ya bangi?"

"Nataka kuziba mlango."

"Ziba. Mababu usiwaguse."

Nikafumua sketi mbili nyeusi nilizomwombolezea mwanawe mkubwa, nikashona pazia, nikaziba mpaka tundu la kitasa. Wiki ya tatu vikatokeza vinyweleo vyeupe, mwanzo wa maua. Wiki ya tisa chumba kilijaa vishada vinono, na harufu ikafika sokoni.

Ikawafikia pia wapandaji wengine wa bangi. Wakamwalika Thaworn ukumbini awafundishe. Alivaa shati la kijani. Akawaambia amefanya utafiti wa muda mrefu. Akawaonyesha mgongo wa mkono. Akaeleza faida za giza. Mimi nilikaa nyuma na sinia langu la mashada.

"Mwalimu," nikauliza, "hilo pazia kitambaa chake unapata wapi?"

"Ni kitambaa maalumu, shemeji," akajibu, na watu wakaandika.

Tuliporudi nyumbani nikadai chumba.

"Shemeji, sasa kile ni darasa. Nitavunjaje darasa?" Kweli, picha yake ilishabandikwa mlangoni.

Nikamwendea Kimhuay. "Mama, maua yametoka."

"Nimeyaona." Alikuwa anamenya vitunguu saumu, hakuinua uso. "Mtoto huyu ana miaka arobaini na mbili, Phan. Ndiyo mara ya kwanza watu wanamwita mwalimu. Unataka nimkatishe?"

Ni mwezi wa saba sasa tangu nitolewe chumbani, na yasmini bado natungia kibarazani. Thaworn bado hajatoa vyungu vyake chumbani mwangu, na hajasimama mbele ya watu walewale akawaambia taa ilichaguliwa na nani. Na Kimhuay, aliyesema amesikia, bado hajamwambia mwanawe neno.