Vidole Vilivyochuma Chai Hadi Ijumaa

Kwenye uwanja wa ndege wa Prague, mashine ya alama za vidole ilimkataa Gesare mara ya tatu. Alivipangusa vidole vinne vya mkono wa kulia kwenye sketi, akavirudisha juu ya kioo. Taa nyekundu ikawaka tena.

Ng'ambo ya mstari wa njano, Dorcus alikuwa ameshapita, amekumbatia mfuko wa chapati. Quinter alikuwa nyuma ya Gesare kwenye foleni.

"Gesare, niangalie," alisema kwa sauti ya chini. "Ulichuma?"

Gesare aliendelea kukitazama kioo.

"Nimekuuliza."

"Kidogo."

"Kidogo ni kilo ngapi?"

Wanawake hawa watatu walizaliwa katika kambi moja ya wafanyakazi wa shamba la chai, Kericho. Dorcus sasa ni mwalimu Merigi, Quinter ni karani katika kiwanda cha chai, naye Gesare ana kipande chake cha chai karibu na Kabianga. Mwaka wa kutimiza miaka hamsini waliamua kwenda Prague, kwa sababu Dorcus aliwahi kuona daraja lake la mawe kwenye kalenda ukutani mwa shule. Walijibana kila mahali: tiketi ya kusubiri njiani kwa muda wa saa kumi na moja, chumba kimoja cha vitanda vitatu, chakula cha mchana kutoka mfukoni, na mji wote kwa miguu.

Walipoomba viza mwezi wa Februari, kiangazi kilikuwa kimekausha mashamba na vidole vya Gesare vilisomeka mara ya kwanza. Ni Quinter aliyejua kwamba vingeweza kubadilika. Kiwandani, kila msimu wa mvua, mashine ya mahudhurio huwakataa wachumaji ambao vidole vyao vimelika. Basi akatoa sharti: wiki tatu kabla ya safari, Gesare asiguse mchai, na kila jioni ajipake mafuta ya kukamulia ng'ombe.

Gesare alikubali. Akamwandika kibarua, Gichana. Kisha mvua za Aprili zikashuka na chai yote ikachipuka kwa pamoja. Gichana alichuma majani manne na kijiti chake, na kituo cha kupimia chai kikakataa na kumwaga nusu ya kikapu. Mtu aliyelelewa kwa kanuni ya kuchuma majani mawili na kichipukizi tu hawezi kukaa mlangoni akitazama hayo. Gesare akarudi shambani kila alfajiri. Jioni alipaka mafuta, na Quinter alipompigia simu kuuliza mikono, alijibu, "Imepumzika."

Sasa afisa mmoja kijana alichukua pasipoti yake, akamwelekeza kando kwenye meza. Afisa wa pili akaja. Waliitazama skrini, wakamtazama yeye. Yule kijana aliuliza, kwa Kiingereza cha pole pole, kama amewahi kusafiri kwa pasipoti nyingine. Kisha akauliza kwa nini mkono huu si ule wa kwenye viza. Gesare aliyaelewa yote mawili. Alielewa pia neno ambalo wa pili alimnong'onezea mwenzake: kurudishwa.

Quinter alisogea. Akaambiwa asimame nyuma ya mstari.

Kwenye pochi ya Gesare kulikuwa na karatasi ndogo ya kituo cha kupimia, ikiwa na jina lake, tarehe na uzito. Tangu Nairobi alikuwa akitafuta nafasi ya kuitupa bila kuonekana. Kuitoa hapa ilikuwa kujianika mbele ya Quinter. Alishikilia zipu kwa muda. Kisha akaifungua, akaiweka karatasi mezani na kuilaza mikono miwili kando yake, viganja juu.

"Tea," alisema. "Me, I pick tea. Friday."

"Ijumaa?" Quinter alisema kutoka kwenye mstari. "Gesare, Jumamosi tulikuwa kwa ndege."

Kijana aliinama. Utomvu ulikuwa umeingia kwenye nyufa ukaacha mistari myeusi, na ncha za vidole zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Alilinganisha jina la karatasi na la pasipoti. Akavifuta vidole kwa kitambaa chenye maji, akavijaribu kwenye kifaa cha mezani. Kilisoma kimoja tu. Akampiga picha, akailinganisha na ya viza kwa muda mrefu, akapiga simu, akasikiliza. Mwishowe akamrudishia pasipoti.

Kwenye basi la mjini Quinter alikaa kiti cha mbele, peke yake.

Darajani, watu walikuwa wamepanga foleni mbele ya sanamu moja. Kibao cha shaba chini yake kilikuwa kimeguswa hata picha zake zikafutika, zikabaki kung'aa.

"Wanasema ukigusa utarudi huku siku moja," Dorcus alisema. "Gusa."

Gesare aliitia mikono mifukoni. "Nirudi nisimamishwe tena na yule kijana?"

Halafu Quinter, ambaye hakuwa amemsemesha tangu uwanja wa ndege, akamshika bega na kumsukuma mbele.

"Gusa na kiwiko," alisema. "Kiwiko hakichumi chai."

Gesare akageuka upande, akaegemeza kiwiko kwenye shaba.