Kuhesabu Kutoka Kulia

Hakuna friji iliyoungua Koboko. Wanaosimulia kwenye harusi za Arua kwamba binti yangu Zuhurah aliunguza friji ya chanjo hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Ni kweli nilikuwa ndani ya eda ya marehemu mume wangu, Siraji, na ni kweli nilitoka. Nilitoka mchana, kwa dharura, na sheria ya eda naijua kuliko wanaonifundisha vibarazani.

Zuhurah alikulia kwenye meza ya babake, fundi wa redio. Siraji alisoma madrasa, kisha akajifunza ufundi kwa mikono. Binti alifika chuo kikuu, akarudi na kazi ambayo majirani hawaioni: yeye na wenzake wa nchi za mbali huandika programu huria za kuchorea saketi, ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzirekebisha. Sehemu yake ni kuunganisha programu ya kuchora na ile inayojaribu saketi ndani ya kompyuta, ili mchoro upimwe kabla fundi hajashika waya.

Siraji alipokuwa hai walijenga pamoja kidhibiti cha sola, kisanduku kinachokata umeme betri inapojaa. Cha kwanza walikiunga kwa mkono, kikafanya kazi vizuri. Babake alipofariki, Zuhurah alikichora, akauweka mchoro wazi mtandaoni na jina la Siraji juu yake. Celestino, fundi wa Koboko, akaufuata kutengeneza kisanduku cha friji ya chanjo ya kituo cha afya kwenye barabara ya Oraba.

Asubuhi ambayo Celestino alikuwa anakwenda kukifunga, Zuhurah alikuwa sebuleni akiujaribu mchoro huohuo kwa muunganisho wake mpya. Kompyuta ikaonyesha swichi haikati kabisa. Betri ingejazwa hadi ichemke.

"Muunganisho wangu una kasoro," akasema. "Kisanduku cha Baba hakijawahi kusumbua."

Akaitafuta kasoro, asiione. Kisha nikamwona ameshika transista, kile kijidude ambacho ndicho swichi ya kisanduku, anagusa miguu yake mitatu kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayefuata mstari wa msahafu. Ndivyo babake alivyomfundisha. Kiwanda kinachoitengeneza huhesabu kutoka kushoto.

"Mama, kompyuta inasema kweli," akasema polepole. "Nimechora kwa hesabu ya Baba. Yeye alipounga kwa mkono alijua kila mguu una kazi gani. Celestino amefuata namba zangu tu."

Simu ya Celestino haikupatikana. Nikachukua ufunguo wa gari la marehemu.

"Mama, eda."

"Ingia garini."

Tuliondoka Arua, tukapita Maracha. Yeye alipiga simu, akakata, akapiga tena. Mimi niliwaza jina lile juu ya mchoro, na chanjo za watoto wa watu.

Kituoni akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na watoto wao. Kisanduku kilikuwa ukutani tayari, na Celestino ameshika waya wa betri.

"Usiunge, kaka," Zuhurah akasema mlangoni.

"Sista, mimi nilifuata mchoro yako namba kwa namba. Hii kitu iko sawa."

"Mchoro ndio mbaya. Mguu wa kwanza na wa tatu imebadilishana. Nilihesabu kutoka kulia."

Celestino akawageukia akina mama. "Mnasikia? Transista ya huyu iko nasoma Kurani." Wakacheka. "Nani alifundisha wewe hesabu ya namna hii?"

Zuhurah akanitazama. Angeweza kuilaumu programu, na pale hakuna ambaye angejua.

"Baba yangu," akasema. "Na mikononi mwake haikukosea hata siku moja. Kosa ni langu. Sikuigeuza nilipochora."

Celestino akauweka waya chini. Akafungua kisanduku, akaing'oa transista, akaigeuza uso nyuma, akaichomea tena. Walipounga betri, tulisubiri tumeikodolea macho mpaka ikajaa, na swichi ikakata. Mchoro uliosahihishwa uko wazi mtandaoni, na jina la Siraji lingali juu yake.

Kabla ya kuondoka nilimwita Celestino nje, peke yake. Wengine husema nilimtukana, wengine husema nililia. Nilichomwambia kilimhusu mume wangu, na Celestino amekitunza kama mtu mwenye adabu. Nami sisemi zaidi.